Nyungu ya maji: vijiji vya ziwa Moero vilivyolisha Lubumbashi



Kila likizo ikikaribia, tunaangaliaka kwa telefone mapicha ya vijiji vidogo vya Karibi: mitumbwi ya rangi juu ya mchanga, nyavu zimeanikwa, samaki wa kuchoma, jua linazama ndani ya maji. Tunasema: siku moja na mimi nitaenda. Sawa, haikatazwe kuota. Lakini leo nataka kuwapeleka kwenye pwani yetu sisi wenyewe, ile tunayokulaka kila wiki bila kujua jina lake. Ukitoka Lubumbashi kuelekea kaskazini-mashariki, kilometa kama mia mbili, unafika Kasenga, kando ya mto Luapula. Ukiendelea kaskazini, kuna Kilwa, kuna Luanza, kuna Lukonzolwa, na mwisho wa ziwa kuna Pweto. Hizo kilometa nimezipita mara nyingi juu ya kazi ya shamba, mara ndani ya kamio, mara kwa moto. Na kila mara ninarudi na swali moja: namna gani mahali palipolisha mji mzima pamebaki na vitu kidogo hivi?

Jibu haliko kwa udongo, na mimi ni mtu wa agronomia, ningependa sana kulipata kwa udongo. Jibu liko kwa historia.

1. Kwanza tujue mahali penyewe

Ziwa Moero, bandugu wa Zambia wanaliita Mweru, lina ukubwa wa zaidi ya kilometa za mraba 5,000. Si refu kwenda chini kama Tanganyika. Tanganyika inafika karibu mita 1,470, Moero haifike hata mita 40. Kwa mvuvi, tofauti hiyo ni kila kitu. Ziwa la maji mafupi linapata joto haraka, upepo unalichanganya mpaka chini, chakula cha samaki kinapanda juu, na samaki wanazaana sana. Ni ziwa tajiri. Lakini utajiri huo unaweza pia kuisha haraka, kwa sababu samaki hawana chini pa kukimbilia.

Maji yanatoka mbali. Yanaanza kwa mto Chambeshi, yanapita ziwa Bangweulu na mabwawa yake, yanakuwa Luapula, yanaingia Moero upande wa kusini kupitia matete na mafunjo mengi sana. Kisha kule Pweto yanatoka tena, yanaitwa Luvua, yanaenda kukutana na Lualaba pale Ankoro. Maana yake ni hivi: mtu anayekunywa maji ya mto Kongo kule Kinshasa anakunywa pia maji ya Kasenga.

Upande wa magharibi, upande wetu, unaona milima ya Kundelungu. Hifadhi ya Kundelungu iliundwa mwaka wa 1970, na ndani yake maporomoko ya Lofoi yanaanguka zaidi ya mita 300 kwa mara moja. Upande wa Zambia kando ya ziwa ni tambarare. Wakati wa mvua maji yanapanda, mabwawa ya Luapula yanafurika, na samaki wengi wanaingia humo kuzaa. Mushike vizuri neno hilo, kuzaa, juu habari yote inazunguka hapo.

2. Kikapu cha udongo na nyungu ya maji

Mbele ya wazungu, mbele ya mpaka, ziwa lilikuwa na wenyewe. Mwenye ziwa aliitwa Nkuba, mkubwa wa Bashila, watu wa uvuvi. Katika karne ya 18 walikuja Balunda kutoka kwa Mwata Yamvo, upande wa magharibi, wakajenga ufalme wa Mwata Kazembe kwenye bonde la Luapula.

Wazee wa pande zote mbili za mto wanaeleza namna ziwa lilivyobadilisha mwenyewe. Nkuba alikuwa na dada, jina lake Nachituti. Nkuba akamuua mtoto wa huyo dada. Nachituti kwa uchungu akaenda kwa Kazembe kuomba alipiziwe. Kazembe akatuma watu, Nkuba akauawa. Nachituti hakuwa na mali ya kushukuru. Akaleta kikapu cha udongo na nyungu ya maji: udongo ni inchi, maji ni ziwa na mto. Akampa Kazembe.

Mtu anaweza kusema ni hadithi tu. Mimi nikiwa kwa terrain ninaisikia kama mtu anayesoma karatasi ya kiwanja. Inasema nani alikuwa na haki, kwa sababu gani haki ilipita kwa mwingine, na nani alishuhudia. Na kumbukeni kwamba hata nyuma ya hapo watu wa ziwa hawakufukuzwa. Walibaki na kazi yao ya kuchunga maji: mabwawa mengi yalikuwa na wenyewe, na kuvua humo kulikuwa na wakati wake na ruhusa yake. Kwa maneno ya shule tungesema ilikuwa jestion ya rasilimali. Wao hawakuhitaji hilo neno.

3. Wageni, na kalamu iliyokata ziwa

Tunafundishwaka kwamba Livingstone "aligundua" Moero. Alifika kando ya ziwa tarehe 8 Novemba 1867, hiyo ni kweli. Lakini mwaka wa 1798 Mreno Lacerda alikuwa amefika kwa Kazembe, na akafia hukohuko. Na mwaka wa 1806 walifika wachuuzi wawili Waafrika kutoka Angola, Pedro João Baptista na Amaro José. Hao wawili waliendelea mpaka Tete, Msumbiji, wakafika mwaka wa 1811. Walivuka Afrika kutoka magharibi mpaka mashariki zaidi ya miaka arobaini mbele ya Livingstone. Nani kati yetu alisikia majina yao kwa sekondari? Na Livingstone mwenyewe alipofika alikuta wafanyabiashara wa pwani ya Bahari ya Hindi, watu wa Kiswahili, wako pale tayari kutafuta pembe na, tuseme bila kuficha, watumwa. Kiswahili tunachoandika hapa kina njia nyingi za kufika Katanga, na njia moja ilipita karibu na maji haya.

Kisha ikaja kalamu. Tarehe 12 Mei 1894 Uingereza na Leopold wa Pili, mfalme wa Dola Huru la Kongo, waliweka sahihi kwa mkataba wa mpaka. Mstari ukafuata Luapula na ukapita ndani ya ziwa. Kusini mwa ziwa kuna kisiwa cha Kilwa. Mkataba uliupinda mstari kusudi kisiwa hicho kibaki kwa Waingereza. Hivi leo kisiwa cha Kilwa kiko Zambia, na mji wa Kilwa unaoangaliana nacho uko Kongo. Jina ni moja, bendera mbili. (Musichanganye na Kilwa Kisiwani ya Tanzania, ile ya misikiti ya mawe, iliyoandikwa na UNESCO mwaka wa 1981. Ile inapata watalii. Yetu inapata kamio za samaki.)

Familia hazikukatwa na mstari. Mpaka leo mama wa Kilwa anaweza kuwa na shangazi Nchelenge, upande wa pili, na kwenda msibani kwa mashua. Lakini sheria zilikatwa. Mwanzo wa karne ya 20, kwa sababu ya ugonjwa wa malale, utawala wa Waingereza uliondoa watu kwenye ukingo wa mto na ziwa, na kuna waliovuka kuja upande wa Wabelgiji. Kuanzia hapo maji mamoja yakawa na wakubwa wawili, na kila mukubwa na amri yake. Iwekeni kando habari hiyo, tutairudilia.

Kuna pia Luanza, kijiji kilicho juu ya ukingo wa magharibi. Kilipanuka miaka ya 1890 na misheni ya Dan Crawford, mmisionere wa Scotland aliyetoka Bunkeya nyuma ya kifo cha M'siri, mwaka wa 1891. Alikaa ziwani mpaka alipokufa mwaka wa 1926. Watu wengi waliokimbia vita na utumwa walijenga karibu naye. Usimame pale jioni uangalie maji chini: utaelewa kwa nini mtu aliyetoka vitani angetaka kukaa mahali anapoona mbali.

4. Shaba inakula samaki

Sasa tufike kwetu. Union Minière ilianzishwa mwaka wa 1906, na Elisabethville ilianza mwaka wa 1910, wakati njia ya reli ilipofika kutoka Rodezia. Mgodi unahitaji watu, watu wanahitaji kula. Wakulima wa karibu walikuwa kidogo, na udongo wa Lubumbashi, wote tuliofanya pratike tunaujua, hautoi bila mbolea. Unga ulitoka mbali. Na nyama? Njo Kasenga ikaingia.

Wagiriki wafanyabiashara walikaa Kasenga na kuanza kununua samaki. Walileta mashua za moteri, walileta barafu, walileta makamio. Samaki aliyevuliwa na watu wa kijiji Moero aliuzwa kwenye mashua, akapanda Luapula mpaka Kasenga, kisha akapelekwa kwa barabara mpaka kwenye kambi za wafanyakazi Elisabethville. Tunaposema "mji wa shaba", tukumbuke kwamba mikono iliyochimba shaba ilikuwa imekula Luapula. Babu wa wengi wetu alipata nguvu yake pale. Kila kitabu cha historia ya Katanga kinahesabu tani za shaba. Samaki wamewekwa pembeni, kama chakula kilichopikwa na mama: kila mtu amekula, hakuna anayeuliza kilitoka wapi.

5. Mpumbu

Samaki wa dhahabu wakati huo alikuwa mpumbu. Kwa jina la sayansi, Labeo altivelis. Mkubwa, mnono, mwenye mayai yanayopendwa sana. Tabia yake ilikuwa njo ubaya wake: mvua ikianza kunyesha, mpumbu walitoka ziwani kwa makundi makubwa kupanda Luapula kwenda kuzaa. Yaani samaki alikuja mwenyewe, kwa wakati unaojulikana, kwa njia inayojulikana, tumbo limejaa mayai. Hakuna haja ya kumtafuta. Unaweka nyavu tu.

Zamani watu pia walivua mpumbu wakati wa kupanda, ilikuwa kama sikukuu. Lakini waliokula walikuwa watu wa bonde. Sasa mkulaji alikuwa mji mzima wa viwanda, tena miji ya shaba ya upande wa Rodezia ilinunua vilevile. Nyavu zikaongezeka na kuwa nzuri zaidi, beyi ikapanda. Mnamo mwaka wa 1950 mpumbu walikuwa wameanguka kabisa. Ile safari ya kila mvua ikakatika. Kijana wa Kasenga wa leo anajua neno mpumbu, lakini ukimwambia mpumbu wakipanda mto walijaa maji mazima, anakuangalia kama unamdanganya.

Kwa lugha yetu ya shamba, ni mtu aliyekula mbegu. Mwaka wa kwanza anashiba kuliko wenzake wote. Mwaka wa pili analima na hana cha kupanda.

Wabelgiji walitafuta dawa. Karibu na Elisabethville, pale Kipopo, kilijulikana kituo cha utafiti wa kufuga tilapia ndani ya mabeseni. Walioandika juu ya ufugaji wa samaki Afrika miaka ya 1950 walikitaja mara nyingi. Mimi ninawaambia wadogo zangu wa agronomia: musifikiri pisikiltire ni habari mpya iliyoletwa na ONG. Ilijaribiwa hapa, kilometa kidogo kutoka mahali munapokaa, wakati samaki wa mtoni walipoanza kuisha.

Wagiriki nao, historia iliwafikia. Tarehe 30 Novemba 1973 Mobutu alitangaza zaïrianisation, biashara za wageni zikapewa wengine. Kasenga ikabaki na majumba ya zamani na mashua zilizokosa vipande vya kubadilisha. Miaka ya 1990 Gécamines ilipoanguka, mji wenyewe haukuweza tena kulipa beyi ya samaki mzuri. Njo hapo thomson, samaki wa barafu anayetoka baharini mbali, akakuwa mukubwa wa bukari yetu. Fikirieni kidogo: mji uliolishwa na ziwa la karibu umefikia kungojea samaki wa Namibia apite Kasumbalesa.

6. Taa za usiku

Ziwa halikufa. Mpumbu alipokosekana watu walivua makobo na samaki wengine, kisha wakageukia chisense, kale kasamaki kadogo tunakokaangaka na nyanya. Chisense wanavuliwa usiku bila mwezi. Wavuvi wanaenda ziwani na taa, zamani za petroli, sasa nyingi ni za betri na sola. Samaki wanafuata mwangaza, nyavu zinawazunguka. Ukilala Kilwa usiku kama huo, toka inje saa nne: mbele yako ziwa limejaa taa mpaka mbali, na huwezi kujua ipi ni ya Kongo na ipi ni ya Zambia. Asubuhi bamama wanamwaga chisense juu ya mchanga wa kukausha, wanageuza kwa mkono, wanaangalia mawingu. Mvua ikinyesha saa ile, kazi ya usiku mzima imeoza. Hakuna friji ya kuokoa.

Wazuri kwa macho, ndiyo. Lakini angalieni nyavu. Kuna vyandarua vya mbu vilivyoshonwa kuwa nyavu. Tundu zake hazichague: zinakamata chisense, na zinakamata watoto wa makobo pamoja. Zambia inafunga uvuvi kila mwaka, kuanzia tarehe 1 Desemba mpaka mwisho wa Februari, kusudi samaki wazae. Upande wetu sheria ya uvuvi ya msingi iliandikwa wakati wa Wabelgiji, dekreti ya mwaka wa 1937. Na kufunga upande mmoja wa maji bila kufunga upande mwingine ni kufunga dirisha na kuacha mlango wazi. Njo kile nilichosema tukiweke kando: ziwa moja, wakubwa wawili.

Nilimuuliza muzee mmoja wa Kasenga, mvuvi tangu utoto, kama anakubali kufunga. Hakukataa. Alinirudishia swali: baba, miezi mitatu hiyo batoto watakula nini, na minervale italipwa na nani? Kama jibu lako kwa huyo muzee ni sheria tu, hujajibu. Mihogo inayoingia shambani kwa wakati wake, mabeseni ya tilapia kwenye udongo wa mfinyanzi nyuma ya kijiji, maharagwe ya mwisho wa mvua: hayo ni majibu, na ni kazi ya watu waliosoma kama sisi. Diploma inayokaa Lubumbashi ikingojea ofisi haiwezi kumjibu.

7. Vita pia vilipita hapa

Siwezi kuwaelekeza vijiji hivi kama kartipostale na kunyamaza juu ya damu. Desemba 2000 Pweto iliangukia mikononi mwa waasi wa RCD na jeshi la Rwanda. Watu kwa maelfu walivuka kukimbilia Zambia, kwenye kambi kama Kala na Mwange. Wengine walikaa huko miaka mingi, kuna watoto waliozaliwa huko na kujifunza Kibemba mbele ya Kiswahili.

Na Kilwa, Oktoba 2004. Kikundi kidogo cha waasi kiliingia mjini. Jeshi la serikali likarudi kuuchukua mji, na raia wakauawa: uchunguzi wa Umoja wa Mataifa ulihesabu zaidi ya 70. Magari ya kampuni Anvil Mining, iliyochimba shaba na fedha pale Dikulushi na kupitisha madini kwa bandari ya Kilwa, yalitumiwa na wanajeshi. Mwaka wa 2007 kortimilitere, hapa Lubumbashi, ilisema waliotuhumiwa mauaji hayo hawana hatia. Miaka kumi nyuma, 2017, ikatangazwa kwamba Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu imeiona serikali yetu na hatia na kutaka familia zilipwe dola milioni 2.5. Ukienda Kilwa, usiulize mambo hayo kama mtu anayetafuta video. Ukae, ungojee. Anayetaka kusema atasema.

8. Tuende na macho gani?

Kwenda kwenyewe si kazi ngumu sana. Chagua kiangazi, juu wakati wa mvua barabara inakuwa shamba la mpunga. Beba karti yako, ni mpaka. Ukifika, pita kwanza kwa chefu wa kijiji. Kula samaki pale pale, lipa vizuri, na usiombe beyi ya kaka kwa mama aliyekesha akigeuza chisense. Panda Luanza. Fika Pweto uone Luvua inavyotoka ziwani.

Lakini zaidi ya hapo, tuende tukijua kwamba sisi si watalii pale. Tangu 1910 mji wetu unakula kutoka kwa maji hayo. Nachituti alipotoa ile nyungu, alimpa mtu aliyemjua kwa jina, na aliyepokea alibaki na deni la kuchunga. Sisi watu wa mji tulipokea samaki bila kupokea deni. Wagiriki walinunua, Union Minière iligawa, sisi tukala.

Wale kati yenu muko na babu au nyanya wa Kasenga, Kilwa, Lukonzolwa, Luanza ao Pweto: waulizeni mwezi huu, mbele hawajaondoka. Bwawa lenu lilikuwa na jina gani? Nani aliruhusu kuvua, na wakati gani? Mpumbu mara ya mwisho walipanda mwaka gani? Andikeni, hata kwa Kibemba, hata kwa Kiswahili cha hapa kwetu. Siku ile mikubwa ya inchi mbili wataketi kuzungumza juu ya kufunga ziwa kwa wakati mmoja, watahitaji hayo majibu kuliko rapoti ya mtu aliyelala hoteli siku mbili. Mimi nimeanza na mabwawa ya Kasenga. Niko na majina kumi na moja.